Safari Ndefu Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili wa Kuipanga, Kuiishi na Kufaidika Nayo

Mtu anayekwenda nje kwa wiki mbili na mtu anayekwenda kwa miezi minane wanaweza kupanda ndege moja na kushuka katika mji mmoja, lakini kazi iliyo mbele yao si moja. Wa kwanza anaweza kulala saa chache, kula ovyo, kutumia fedha bila kuandika popote na kurejea kwake kabla mwili na mfuko havijaanza kumdai. Wa pili atadaiwa njiani. Viza yake itaisha akiwa huko huko, jino litamuuma akiwa huko huko, kadi yake ya benki itafikia mwisho wa muda wake, na ile hamu ya kuona kila kitu iliyomtoa nyumbani itapungua mapema kuliko alivyotarajia.

Mwongozo huu una msimamo mmoja. Faida ambayo safari ndefu inayo na safari fupi haina ni nafasi ya kukaa mahali hadi pakuzoee, na kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia viza hadi uzito wa begi, unafaa upimwe kwa kuuliza kama unakupa nafasi hiyo au unakunyang'anya.

Hatua ya kwanza: Chagua vituo vichache

Ratiba nyingi za safari ndefu huharibika mezani kabla ya kuharibika barabarani, kwa sababu anayezipanga hutazama ramani na kuona aibu kuacha nchi yoyote iliyo karibu na njia yake. Kila uhamisho una gharama isiyoonekana kwenye tiketi. Hata treni ikichukua saa tano tu, kuna jioni ya kufungasha na kukabidhi chumba, kuna siku yenyewe ya njiani, na kuna siku nyingine ya kujua maji ya kunywa yanauzwa wapi, basi linasimama upande gani wa barabara na lango la jengo linafungwa saa ngapi. Anayehama kila baada ya siku tatu hutumia sehemu kubwa ya safari yake katika shughuli hizo, tena kwa bei ya juu, kwa kuwa vyumba hukodishwa kwa nafuu zaidi kwa mwezi kuliko kwa usiku mmoja mmoja.

Kwa safari ya miezi 6, vituo 4 au 5 vinatosha, kila kimoja kikipewa wiki nne hadi sita. Kutoka katika kituo hicho unaweza kwenda safari ndogo za siku mbili tatu ukiwa na begi dogo, huku mzigo mkubwa ukibaki chumbani. Andika pia, kwa sentensi moja, kwa nini umechagua kila kituo: kujifunza lugha, kupanda milima, kufanya kazi kwa utulivu, kuwa karibu na ndugu. Kituo kisicho na sentensi yake kiondoe.

Baada ya vituo hupangwa majira. Asia ya Kusini hupata mvua kubwa za monsuni kuanzia Juni hadi Septemba. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki na Karibi huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Australia, New Zealand na kusini mwa Chile na Argentina huwa katika majira ya joto kuanzia Desemba hadi Februari, wakati Ulaya imo katika baridi. Sikukuu nazo zina uzito wa majira: Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, huwatoa mamilioni ya watu makwao kwa wakati mmoja, tiketi za treni zikaadimika na maduka mengi yakafungwa. Sipendekezi kuikimbia mvua kila mahali. Mwezi wa mvua ya mchana katika mji wenye paa nzuri na watalii wachache mara nyingi ni mwezi mzuri kuliko ule wa kilele cha msimu. Kinachotakiwa ni kujua kabla, na kutopanga kupanda mlima wiki hiyo.

Hatua ya pili: Hesabu siku zako kabla hujanunua tiketi

Viza ndiyo inayoamua umbo la safari, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi wa maandalizi.

Anza na pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku ya kuingia, kwa hiyo anayesafiri kwa miezi minane na kuingia nchi yake ya mwisho mwezi wa saba anahitaji pasipoti yenye zaidi ya mwaka mmoja uliosalia. Kwa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, wageni wengi hutakiwa kuwa na pasipoti itakayodumu angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka na iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na anayeomba viza aonyeshe pia kurasa mbili tupu. Kurasa huisha haraka kuliko miaka, hasa kwa anayepita nchi zinazobandika viza ya ukurasa mzima, hivyo kama nchi yako hutoa pasipoti ya kurasa nyingi, iombe hiyo.

Pili, tenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata na wasafiri wazoefu: kipindi ambacho viza iko hai, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Viza inaweza kuwa hai kwa mwaka mzima na bado ikakuruhusu kukaa siku 30 tu kila unapoingia. Afisa wa uhamiaji atakuhesabia siku, hatatazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye stika peke yake.

Mfano unaowaponza wengi ni sheria ya Schengen, yenye nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zijiunge kikamilifu mwanzoni mwa 2025. Mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya siku zozote 180, na siku hizo 180 hazianzi siku uliyoingia. Huhesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwa ndani, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tuseme umeingia 1 Machi na kutoka 29 Aprili: umetumia siku 60. Ukaenda nje ya eneo hilo, kisha ukarudi 15 Julai. Afisa akihesabu siku 180 kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo atafika 17 Januari, na ndani yake zimo siku zako zote 60. Umebakiwa na 30, maana yake unapaswa kuwa umetoka ifikapo 13 Agosti. Siku zako za Machi zitaanza kudondoka kwenye hesabu kuanzia 28 Agosti, moja baada ya nyingine, si zote kwa mpigo. Ni vyema kuichora hesabu hii kwenye kalenda ya karatasi, kwa sababu tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kusajili wanaoingia na kutoka kwa alama za vidole na picha badala ya kutegemea mihuri, na kompyuta haisahau tarehe.

Kanuni hizo hazifanani duniani. Uingereza kwa kawaida humpa mgeni hadi miezi 6. Georgia huwaruhusu raia wa nchi nyingi kukaa mwaka mzima bila viza. Tofauti kama hizi ndizo zinazofanya mpangilio wa vituo kuwa mchezo wa kete: baada ya kumaliza siku zako mahali penye masharti makali, weka kituo kirefu mahali palipolegea, ili hesabu ijirudishe yenyewe.

Kuhusu kazi, viza ya utalii hairuhusu kuajiriwa, na nchi nyingi huihesabu kuwa kazi hata ile ya kubadilishana saa kadhaa za jikoni au shambani kwa kitanda na chakula. Mtandao wa WWOOF, ulioanza Uingereza mwaka 1971 kwa kuwapeleka wakazi wa mjini kufanya kazi katika mashamba yasiyotumia kemikali, umeenea nchi nyingi, lakini kibali kinachotakiwa si kimoja kila mahali na jukumu la kuuliza ni la msafiri. Kwa anayefanya kazi ya mbali kwa mwajiri aliye nchi nyingine, zipo viza mahsusi. Estonia ilianzisha yake mwaka 2020 na nchi kadhaa zikafuata. Kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi kukaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka kunaweza kukufanya mkazi kwa macho ya mamlaka ya kodi, na baadhi zina vigezo vingine vinavyoweza kukufikia mapema zaidi. Anayekaribia kiwango hicho na amwone mshauri wa kodi mapema, kwa kuwa ada yake ni ndogo kuliko deni la kodi linaloibuka baadaye.

Yamebaki madogo mawili. Mashirika ya ndege yanaweza kukataa kumpandisha abiria asiye na ushahidi wa kutoka katika nchi anayokwenda, hivyo uwe na tiketi ya kuendelea mbele, hata ya basi. Na ukikusudia kuendesha gari, kibali cha udereva cha kimataifa kipo cha mkataba wa 1949, kinachodumu mwaka mmoja, na cha mkataba wa 1968, kinachoweza kudumu hadi miaka mitatu. Zipo nchi, Japani ikiwa mojawapo, zinazokubali cha 1949 tu. Hutolewa na nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kichukue kabla ya kuondoka.

Hatua ya tatu: Panga fedha kwa mwezi na uzigawe sehemu zaidi ya moja

Chukua fedha yote uliyonayo na uitoe kwanza nauli ya kurudi nyumbani ghafla, ikikadiriwa kwa bei ya tiketi ya kununuliwa kesho, pamoja na gharama za mwezi mmoja wa kuishi. Kiasi hicho kiweke akaunti nyingine na ukisahau. Kinachobaki ndicho bajeti ya safari. Usikigawe sawasawa kwa miezi: mwezi wa kwanza hula zaidi kwa sababu ya amana ya chumba, vifaa vilivyosahaulika na ugeni wa bei, na miezi inayobadilisha bara hula zaidi kwa sababu ya nauli. Baada ya hapo andika matumizi kila siku kabla ya kulala, kwa mistari mitatu tu: malazi, chakula, mengineyo. Mistari kumi huachwa ndani ya wiki moja.

Beba kadi mbili za benki mbili tofauti, moja mwilini na nyingine ndani ya mzigo, na hakikisha tarehe zake za mwisho zinavuka siku yako ya kurudi. Waulize wahudumu wa benki ada ya kutoa fedha nje ya nchi kabla hujasafiri, na uchague kutoa kiasi kikubwa mara chache kama ada ni ya kila muamala.

Kwenye mashine ya kutolea fedha kuna mtego mdogo unaostahili kuelezwa hatua kwa hatua. Utaingiza kiasi, kisha utaletewa ukurasa wenye vitufe viwili. Kimoja kinasema utozwe kwa sarafu ya nchi uliyomo. Kingine, ambacho mara nyingi ndicho chenye rangi inayovutia, kinakupa kiwango cha papo hapo kwa sarafu ya kwenu na kukuhakikishia kwamba utajua gharama kamili sasa hivi. Kiwango hicho hupangwa na mwenye mashine na ndani yake mna faida yake. Bonyeza cha kwanza. Wakati mwingine kitufe chenyewe kimeandikwa kana kwamba unakataa muamala wote, lakini unachokataa ni ubadilishaji tu, na fedha itatoka. Swali hilo hilo huulizwa na mashine za malipo za hoteli na maduka, na muuzaji anaweza kukujibia bila kukuuliza. Tazama risiti kabla ya kuweka namba ya siri.

Hatua ya nne: Afya na bima

Mwone mtaalamu wa afya ya wasafiri miezi miwili hadi sita kabla ya kuondoka, kwa sababu baadhi ya chanjo hutolewa kwa awamu. Ile ya homa ya ini aina B kwa ratiba ya kawaida huchukua miezi 6. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyekwisha kuchanjwa asidanganywe kurudia kwa sababu ya miaka 10 iliyoandikwa kwenye cheti cha zamani. Kwa atakayekaa vijijini mbali na hospitali, chanjo ya awali ya kichaa cha mbwa inafaa kufikiriwa. Haimwondolei haja ya matibabu akiumwa na mnyama, lakini huyarahisisha, na kwa vyovyote vile jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 kabla ya kutafuta daktari. Dawa za kinga ya malaria huanzwa kabla ya kuingia eneo lenye ugonjwa na huendelezwa baada ya kutoka: siku 7 kwa baadhi, wiki 4 kwa nyingine. Wengi huacha wanapofika uwanja wa ndege wa kurudi, na hilo ni kosa.

Dawa unazotumia kila siku zibaki katika vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, kwa kuwa majina ya biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Angalia pia kama zinaruhusiwa. Japani, kwa mfano, hairuhusu dawa zenye amfetamini hata kama umeandikiwa na daktari, na kuna nchi nyingine zinazodai kibali cha mapema kwa dawa kali za maumivu.

Bima isomwe kuanzia nyuma, yaani kuanzia orodha ya yale isiyoyalipia. Tazama mambo manne: idadi ya siku inazokubali kwa safari moja, kwa kuwa bima nyingi za kawaida hukoma baada ya wiki kadhaa hata kama umelipia mwaka, usafirishaji wa mgonjwa hadi hospitali yenye uwezo au hadi kwao, pikipiki, ambayo mara nyingi hulipiwa tu kama unayo leseni halali ya kuiendesha na ulivaa kofia, na kama inaweza kuongezwa muda ukiwa tayari nje. Jambo la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalomwacha mtu bila kinga katika mwezi wa tano.

Hatua ya tano: Funga mambo ya nyumbani

Mteue mtu mmoja unayemwamini na umpe hati ya kisheria yenye mipaka inayomruhusu kushughulikia barua, benki au nyumba yako. Achia kila jukumu tarehe yake: kodi ya pango, leseni ya gari, ada za uanachama. Vyeti unavyoweza kuhitaji nje, kama vile cha kuzaliwa, cha ndoa na cha elimu, vigongwe mhuri wa apostili, yaani uthibitisho kwamba hati ni halisi unaotambuliwa na nchi nyingine, kama nchi yako na unayokwenda zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961. Kuitafuta kutoka ng'ambo huchukua miezi.

Hatua ya sita: Mzigo mdogo, simu iliyoandaliwa vizuri

Kuhusu nguo hakuna mengi ya kusema: beba za wiki moja, ufue, na ununue nyingine hali ya hewa inapobadilika. Betri za akiba za kuchajia simu hubebwa ndani ya ndege pamoja nawe, kamwe si katika mzigo unaokabidhiwa, na kikomo cha kawaida kisichohitaji ruhusa ni saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati ya betri). Betri iliyoandikwa 20,000 mAh kwa volti 3.7 ina saa-wati 74, hivyo inapita.

Simu ndiyo inayostahili mawazo zaidi, maana imekuwa ufunguo wa benki, tiketi na barua. Hebu fikiria umeipoteza kwenye basi. Unaingia dukani kwenye kompyuta kufungua barua pepe, nayo inatuma namba za uthibitisho kwa ile ile simu iliyopotea. Unapiga benki kufunga kadi, na benki inatuma namba kwa laini ile ile. Kila mlango unakuelekeza kwenye mlango uliofungwa. Dawa yake huandaliwa nyumbani: chapisha kwenye karatasi namba za dharura ambazo huduma za barua pepe hukupa kwa ajili ya kuingilia bila simu, weka programu ya uthibitisho katika simu ya pili, hata kama ni kuukuu, inayolala chini ya mzigo, na uhakikishe laini ya nyumbani haitafungwa kwa kukosa kutumika. Kisha fanya jaribio siku moja kabla ya kuondoka: zima simu kuu na ujaribu kuingia katika barua pepe na benki kwa kutumia vile ulivyoandaa tu. Ukikwama, umekwama ukiwa bado kwako.

Hatua ya saba: Siku saba za kwanza katika kila kituo

Usilipie mwezi mzima wa chumba ambacho hujakikanyaga. Lipia siku nne au tano, kisha utafute kwa miguu. Nenda kwenye nyumba unayoitaka mara mbili, mchana na usiku, kwa sababu mtaa uliotulia saa nne asubuhi unaweza kuwa na ukumbi wa muziki unaofunguliwa saa tano usiku. Ndani ya chumba, fungua bomba la maji ya moto na ungoje, funga dirisha na usikilize, pima kasi ya intaneti ukiwa umekaa pale utakapokaa kufanya kazi na si sebuleni kwa mwenye nyumba, piga picha za kila ukuta na kila kifaa, na umtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo. Amana nyingi hupotea kwa doa lililokuwepo tangu zamani.

Mwili nao una hesabu yake. Saa ya mwili hujirekebisha kwa takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki huwa kugumu kuliko kwenda magharibi. Siku tatu za mwanzo usipange jambo lolote lenye kutia saini. Tembea nje wakati wa mwanga, kula kwa saa za wenyeji, na ukatae usingizi mrefu wa mchana.

Hatua ya nane: Jenga wiki, jenga watu

Baada ya siku saba hizo, safari ndefu hudumishwa na wiki iliyopangwa. Weka siku za kazi au masomo, siku moja ya kufua na kushughulikia makaratasi, siku moja ya kutoka mjini, na siku moja isiyo na mpango wowote. Anayeishi kila siku kama mtalii huchoka makumbusho ifikapo wiki ya sita, hadi hekalu la tatu la siku linakuwa ukuta tu.

Njia fupi ya kujulikana ni kurudi mahali pale pale kwa saa ile ile. Muuzaji wa matunda unayemwona kila asubuhi ataanza kukusalimu siku ya tatu, kukusahihisha matamshi siku ya sita, na baada ya mwezi atakuuliza ulikuwa wapi jana. Uhusiano huo mdogo hauwezi kununuliwa na anayepita kwa siku mbili, na ndani yake ndimo hutoka habari zenye thamani: daktari mzuri wa meno, chumba kinachoachwa wazi, barabara ya kuepuka usiku. Ongeza kitu chenye ratiba na watu wale wale, kama vile darasa la lugha, timu ya mpira, kwaya, au ibada kwa wenye dini.

Lugha ianze kabla ya safari kwa mambo machache: salamu kamili, namba hadi elfu, kuomba radhi, kuuliza bei, na sentensi ya kueleza kwamba ndio kwanza unajifunza. Mahali penye maandishi tofauti, jifunze kusoma kwanza hata kama huelewi, kwa kuwa kusoma bango la kituo cha treni hukupa uhuru ambao msamiati wa wiki mbili hauwezi kukupa. Hangul ya Korea ina herufi za msingi 24 na mtu mwenye bidii huanza kuzisoma baada ya siku chache.

Neno moja kuhusu marafiki wa njiani: wasafiri wenzako ni rahisi kuwapata na wanaelewa shida zako, lakini ukiona wiki nzima imepita na mazungumzo yako yote yamehusu mipaka, viza na bei za vyumba, badilisha meza.

Hatua ya tisa: Jiandae kwa kipindi cha kuchoka

Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti wake juu ya Wanorwe waliokuwa wamekwenda kusoma na kufanya kazi Marekani, akaona kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 hawakuwa wamezoea vizuri kama waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Mwaka 1960 Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia, alieleza hatua za mshtuko wa utamaduni: furaha ya mwanzo, kisha hasira na karaha, kisha kuzoea polepole. Watafiti wa baadaye wamepinga kwamba kila mtu hupita njia hiyo, na ni kweli kwamba wengine huanza na taabu tangu siku ya kwanza. Faida ya kuijua ni kwamba siku utakapojikuta unawachukia watu wa mji mzima kwa sababu foleni ya posta haisogei, utatambua kwamba jambo hilo lina jina na lina mwisho.

Wakati huo usinunue tiketi ya kwenda popote kwa siku kumi. Lala vya kutosha, pika chakula ulichokizoea, piga simu nyumbani kwa ratiba badala ya kila saa, na upunguze maamuzi ya siku. Kama baada ya wiki mbili tatu usingizi na hamu ya kula bado havijarudi, tafuta daktari au mshauri wa afya ya akili. Wengi sasa huhudumia kwa njia ya video. Kukatisha safari nako ni uamuzi halali. Ile fedha ya dharura iliyowekwa kando haikuwekwa kwa ajili ya ajali peke yake.

Hatua ya kumi: Kurudi

Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn walionyesha kwamba anayerudi kwao hupitia mteremko wa pili unaofanana na ule wa ugenini. Wa nyumbani watasikiliza habari zako kwa muda mfupi kuliko unavyotaka kusimulia, na hawana kosa. Nao wana miezi minane yao ambayo hukuwepo. Waulize kwanza.

Kiutendaji, panga mwezi wa kwanza wa nyumbani kama ulivyopanga kituo kingine: mahali pa kulala, bajeti yake, na kazi ya wiki ya kwanza. Kabla hujaondoka kituo cha mwisho, dai amana, funga mikataba ya simu na umeme, na uombe barua za uthibitisho kutoka shule au mahali ulipojitolea, kwa sababu zikiombwa kutoka mbali hujibiwa polepole. Hifadhi pasipoti ya zamani hata ikiisha muda, maana maombi ya viza za baadaye huuliza tarehe za safari zilizopita, na viza iliyo hai inaweza kubaki halali ndani yake.

Fanya uchunguzi wa afya ndani ya mwezi wa kwanza. Na ukipata homa wakati wowote ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka eneo lenye malaria, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukamtajie daktari kila nchi uliyopita na tarehe zake, bila kungoja akuulize.